Ndoo Tatu kwa Vikombe Viwili

Mimi huuza nguo za mitumba hapa sokoni Nyeri, na mtu wa mitumba hujifunza mapema kwamba hakuna takataka, kuna tu kitu ambacho bado hakijapata mnunuzi. Kwa hiyo siku ile bibi mmoja wa Ruring'u alipofika na wilibaro kwenye geti ya ploti yetu Majengo, akiomba maganda ya viazi kwa ajili ya ng'ombe wake, wenzangu waliona mzee anayehitaji kusaidiwa. Mimi niliona mteja.

Ploti yetu ina vyumba kumi na vinne. Nilivihesabu siku ya kuhamia, nikavirudia kesho yake, na mara zote mbili vilikuwa kumi na vinne, ingawa landilodi husema kumi na tano kwa sababu anahesabu bafu. Vyumba vyote vilikuwa na pipa moja la kutupia, pale nyuma karibu na kamba za kuanikia. Kila kitu kiliishia humo: maganda, nepi, chupa, githeri iliyochacha. Likijaa, mtu alimwagia mafuta ya taa kidogo akawasha, na kwa siku nzima shuka zetu zilinuka kama basi lililoungua. Kila mmoja alilalamika na kila mmoja aliendelea kutupa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu ya mazingira.

Basi nikashuka mpaka getini.

"Shosho, haya maganda yana kazi, eh?"

"Ni ya ng'ombe yangu."

"Na ng'ombe anatoa nini?"

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye malapa. "Anatoa maziwa na anatoa mavi. Unataka gani?"

Nikajua nimekutana na mtu. Nikamwambia ndoo moja ya maganda, kikombe kimoja cha maziwa. Akacheka mpaka akaegemea wilibaro. "Haiya! Kwa hiyo bei si ninunue majani ya nepia nikae kwangu nikiota jua? Ndoo kumi, kikombe moja." Tulivutana mpaka chai ya wenzangu ikapoa. Mwishowe tukashikana mikono: ndoo tatu kwa vikombe viwili, kila Jumatano na Jumamosi. Na alipokuwa akigeuza wilibaro yake, akaongeza sharti.

"Na ndoo ikue imejaa. Mimi sisukumi hewa kutoka Majengo mpaka Ruring'u."

Nikasema sawa. Lilikuwa sharti la haki, na mimi mwenyewe ningelidai.

Kwa miezi kadhaa mambo yalienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulitenga ndoo tatu za rangi moja chini ya ngazi. Pipa lililokuwa likijaa kila wiki likaanza kuchukua mwezi. Moshi ukapungua. Maziwa tuliyagawa kwa zamu, vyumba viwili kila mara, na mimi ndiye niliyeshika orodha ya zamu, kwa hiyo haikuwahi kukosewa. Jirani yangu wa chumba cha sita, askari polisi kutoka magharibi, mtu mrefu anayelazimika kuinama akiingia kwake, alianza kuniita Waziri wa Maganda. Hata kanisani niliombwa kuwaambia akina mama namna ya kujenga tabia njema nyumbani. Nilisimama nikasema kwamba kutunza mazingira na kutendea watu haki ni vitu viwili vinavyoingia ndoo moja. Walipiga makofi. Nilihesabu waliopiga.

Jambo ambalo sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa bado sijalijua, ni kwamba ukimwambia mtu ajaze ndoo, ataijaza. Wiki za mwanzo tulijaza kwa maganda. Baadaye, ikifika Jumamosi na ndoo ina pengo, mtu alitupa humo chochote kilicho karibu: majani ya chai, karatasi ya mkate, kamba ya kufungia sukuma wiki. Niliona. Siwezi kusema sikuona, maana mimi huona hata kifungo kilichopotea kwenye shati la ndani ya belo, furushi la mitumba. Lakini ndoo ilikuwa imejaa, na mapatano yalikuwa ndoo iliyojaa.

Jumamosi moja shosho alifika mapema, jua lilikuwa kali, na ndoo ya tatu ilikuwa robo tatu tu. Chumba cha kumi na moja walikuwa wamesafiri na chumba cha pili walikula mkate wiki nzima. Nikakimbia chumbani kwangu. Kulikuwa na gunia nililotoka nalo sokoni, lenye majani ya nje ya kabichi ambayo wauza mboga humenya na kuacha karibu na kibanda changu. Ndani ya gunia hilohilo nilikuwa nimefagilia uchafu wa belo niliyofungua asubuhi. Nikalimwaga lote ndoo ikafurika. Niliona kipande cha kamba ya bluu kikichungulia kati ya majani. Nikaambia moyo wangu kwamba ng'ombe si mjinga, atachagua.

"Leo imejaa kabisa," shosho akasema, akafurahi. Akanipimia vikombe viwili, akaongeza tone la shukrani juu yake.

Wiki mbili baadaye hakuja Jumatano. Jumamosi pia hakuja. Ndoo zikafurika, nzi wakahamia bila kulipa kodi, na watu wa ploti wakaanza kuniuliza mimi, kana kwamba ng'ombe ni wangu. "Waziri, maganda yako yananuka," mwalimu wa chumba cha tatu alinipigia kelele kutoka dirishani. Nikakasirika. Mapatano ni mapatano. Nilitaka kujua kama shosho amepata ploti nyingine yenye bei nafuu kuliko yetu. Jumapili baada ya kanisa nikaanza safari ya Ruring'u, na afande wa chumba cha sita, ambaye alikuwa hana zamu siku hiyo, akasema ananisindikiza. "Nataka kuona waziri akivunjiwa mkataba," akasema.

Boma la shosho liko nyuma ya nyumba za kupanga, kipande cha ardhi kinachotosha nyumba ya mbao, mstari wa nepia na zizi la mabanzi. Tulimkuta amekaa juu ya debe mbele ya zizi. Ng'ombe alikuwa amesimama, lakini alisimama kama meza iliyolegea miguu. Mgongo umepinda, upande wa kushoto umevimba, macho yameingia ndani. Hakuwa akicheua. Ukikaa na ng'ombe asiyecheua ndipo unapogundua kwamba kutafuna kule ndiko kulikuwa sauti ya boma.

"Umekuja kuuliza maganda?" shosho akaniuliza.

"Hapana, shosho. Nimekuja kukujulia hali," nikadanganya.

Afande alikohoa.

Akatueleza. Siku ya tisa ng'ombe hali. Maziwa yamekauka. Ana mimba ya miezi sita. Na huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa akilipa karo ya mjukuu wake wa kike, aliyekuwa shule ya bweni upande wa Mweiga, kwa maziwa yaliyouzwa kila asubuhi kwenye hoteli moja pale chini. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Alisema hayo yote kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, bila kutuomba kitu.

Ndani ya zizi kulikuwa na daktari wa mifugo, kijana mnene aliyevaa gambuti, akimgonga ng'ombe ubavuni kwa ngumi na kusikiliza. Na barabarani, nje ya uzio, alisimama mwenye bucha wa jirani, mikono mfukoni, akimwangalia ng'ombe kama fundi anayempima mtu suti.

Daktari akatoka. "Kuna kitu ndani, mama. Dawa za kunywa hazitasaidia tena. Ama tunapasua leo, ama unauza leo."

"Ukipasua atapona?"

"Wengine hupona. Lakini nikishamdunga dawa na afe, hata bucha hawezi kumchukua. Nyama haitalika. Utachimba shimo."

Kutoka barabarani yule mwenye bucha akapaza sauti: "Shosho, mimi bado niko! Akiwa amesimama bei ni ileile. Akilala, ni nyingine."

"Wewe nyamaza," shosho akamjibu bila kugeuka. "Hata fisi hungoja."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndio unajua bei ya vitu. Ingekuwa yako, ungeuza?"

Sijawahi kukosa jibu la swali kama hilo. Watu hunifuata sokoni kwa sababu ya jibu hilo. Nikahesabu: ng'ombe wa bucha leo, pesa mkononi, karo ya muhula mmoja na baada ya hapo hakuna kitu. Nikahesabu tena: ng'ombe mzima, ndama, maziwa, au shimo. Mara ya kwanza nilipata uza. Mara ya pili nilipata usiuze. Nikamwambia ukweli, kwamba hesabu inakataa.

"Basi na mimi nakataa," akasema. Akasimama, akafunga leso kiunoni vizuri. "Daktari, pasua. Huyu amenilisha miaka saba. Siwezi kumpeleka kwa huyo mtu halafu nikae nikijiuliza kama angepona."

Wanampasua akiwa amesimama, jambo ambalo sikulijua. Daktari alimnyoa ubavu wa kushoto, akamdunga ganzi mstari mzima, akaosha, akakata. Afande, aliyekulia kati ya mafahali wa kulima, alishika kamba ya kichwa na kumwongelesha ng'ombe kwa lugha ya kwao, taratibu, kama anayembembeleza mlevi aingie garini. Shosho alishika mkia. Mimi nilipewa beseni.

Daktari akazamisha mkono mpaka kwapani. Uso wake ulikuwa umegeukia mlimani, lakini hakuwa akiuona mlima. "Watu hufikiri ng'ombe huchagua," akasema. "Mbuzi ndiye huchagua. Ng'ombe humeza kwanza, akatafakari baadaye." Akaanza kuvuta. Kilitoka kama nywele kutoka kwenye mfereji wa bafu, kitita kirefu, cheusi, chenye harufu ya kufanya macho yatoke machozi. Akakitupa kwenye beseni langu. Akarudi. Akatoa kingine.

Nilifanya nilichojua kufanya. Nikavitenganisha kwa kijiti, nikahesabu. Kamba za sukuma wiki, karatasi za mkate, kifuniko cha chupa, kipande cha wavu wa kubebea vitunguu. Vitu kumi na kimoja. Nikarudia, kwa sababu huwa narudia, na mara ya pili vilikuwa kumi na viwili. Kimoja kilikuwa kimejificha chini: kamba ya bluu ya plastiki, bapa, urefu wa mkono kutoka kiwiko, na kibati chake cha kukazia kikiwa bado kwenye ncha.

"Hicho," daktari akasema, akinyoosha kidole chenye damu, "hicho kibati ndicho kilikuwa kinamchoma. Wiki moja zaidi kingetoboa."

Kamba hiyo hufunga belo za mitumba. Katika ploti ya vyumba kumi na vinne kuna mtu mmoja tu anayefungua belo. Afande aliitazama, akanitazama, kisha akatazama mabati ya paa. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo nimemwona polisi akikataa ushahidi.

Ningeweza kunyamaza. Nilipima hilo pia. Shosho huchukua maganda ploti nne, na sokoni kila mtu hukanyaga kamba kama hiyo. Hakuna ambaye angenifuata. Lakini nilikuwa nimeshika beseni, na beseni lilikuwa zito.

"Shosho, hii ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Ni ya belo. Ile Jumamosi ndoo ya tatu ilikuwa haijajaa. Nikaijazia uchafu wa kibanda. Niliiona, na nikaiacha."

Hakuachilia mkia.

"Ngoja amalize kushona," akasema. "Sitaki kukasirika hapa. Ng'ombe inasikia."

Daktari alishona tabaka baada ya tabaka. Alipokwisha na kuanza kuosha vyombo vyake, shosho alinipeleka nyuma ya nyumba, pale anapomwagia maganda. Palikuwa na gunia limetandikwa chini, na kando yake rundo dogo. Akalifunua kwa mguu. Wembe. Viberiti. Nepi. Balbu iliyovunjika. Kijiko kizuri kabisa, ambacho nilikitambua kuwa cha chumba cha kumi na moja.

"Hii ni ya mwezi moja tu," akasema. "Kila siku nikifika hapa naanza kuchagua mpaka mgongo unakataa. Hapo ni wembe." Akanionyesha alama kwenye kidole gumba. "Hapo ni gilasi. Nyinyi huko mnahesabu ndoo, mimi huku nahesabu vidole. Hiyo Jumamosi nilikuwa nimechoka, nikampa bila kuchagua. Siku moja tu."

Nilikuwa nimewaambia akina mama wa kanisa kuhusu ndoo yenye mambo mawili. Kumbe kazi ya kuyatenganisha tulikuwa tumemwachia mtu mmoja, mzee, bila malipo, na juu yake tukamdai maziwa.

"Nitamlipa daktari," nikasema.

"Utalipa nusu."

"Yote, shosho. Kosa ni langu."

"Nusu. Mimi ndio nilisema ndoo ijae. Ningesema ikue safi, si ungeleta safi?"

"Basi robo tatu."

"Nimesema nusu! Wewe hujui kununua?" Na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mdomo wake ulitaka kucheka lakini haukucheka. Katika maisha yangu yote ya biashara hiyo ndiyo bei pekee niliyojaribu kuipandisha, na nikashindwa.

Kisha akataja masharti yake, na sikumkatiza. Hakuna tena kuhesabu ndoo. Hakuna tena maziwa ya kubadilishana. Akiwa nayo atauza, kwa bei yake, na anayetaka atanunua. Maganda atachukua, lakini kila mtu wa ploti atamwaga yake juu ya gunia pale getini, mbele yake, na kuyachagua kwa mikono yake mwenyewe. Na mimi, mpaka ng'ombe atakapokula vizuri, nitaleta majani laini kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

Nikayaleta. Nilikata nepia kandokando ya shamba la rafiki, nikayabeba begani, na mtu wa mjini akibeba nepia asubuhi watu humsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Siku ya kwanza ng'ombe alinusa tu. Siku ya pili alichukua jani moja, akalisahau mdomoni. Shosho alikaa tu juu ya debe lake. Mwenye bucha alipita mara mbili, akijidai anaenda kwingine. Siku ya nne nilipokaribia zizi nikasikia kabla ya kuona: kutafuna, polepole, kuzito, kama mtu anayekunja magazeti. Shosho alikuwa ameegemea banzi, amefumba macho.

"Nyamaza," akaniambia, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. "Sikia."

Ng'ombe alipona. Ndama alizaliwa mdogo, na dume, jambo ambalo si habari njema kwa mtu wa maziwa, lakini alisimama mara tu alipozaliwa. Mjukuu alikosa wiki tatu za shule kabla karo haijapatikana. Hilo siwezi kulirudisha kwa nepia.

Jumamosi ya kwanza ya masharti mapya haikuwa nzuri. Shosho alikaa juu ya kreti ya soda pale getini, gunia limetandikwa mbele yake, na sisi tukapanga mstari na ndoo zetu kama watoto wa shule. Mwalimu wa chumba cha tatu alisimama mikono nyuma.

"Kwani mimi nitaingiza mkono humo?"

"Mwalimu," shosho akamuuliza kwa upole, "hii ni maganda yako ama ni ya wanafunzi?"

Watu wakacheka, akainama. Alitoa karatasi mbili na sindano. Sindano ile aliishika juu akaitazama kwa muda mrefu, na tangu hapo hajalalamika tena. Afande alipatikana na vifuniko vitatu vya soda, akasema vimewekwa na maadui. Chumba cha kumi na moja walikataa kabisa, wakarudi kwenye pipa, na mpaka leo wanatupa humo kila kitu. Kijiko chao niliwarudishia. Hawakuuliza kilikotoka.

Sasa imekuwa kawaida tu. Mtu akimenya waru, yaani viazi, hutenga wembe na karatasi bila kufikiri, kama unavyovua viatu mlangoni. Wapangaji wapya huuliza mara moja, wakishaona mstari hawaulizi tena. Chai yetu ya Jumamosi mara nyingi ni strungi, isiyo na maziwa, na akileta maziwa tunanunua kwa bei aliyosema. Nilijaribu kupunguza mara moja. Mara moja tu.

Na ikifika zamu yangu namwaga, nachagua, nahesabu nilichotoa, narudia. Kisha shosho huinuka kwenye kreti yake. Maganda ya wengine huyagusa juujuu akasema sawa. Yangu huingiza mkono mpaka chini kabisa, akapekua pembe zote za gunia, bila haraka, huku akiniuliza habari za biashara. Sijawahi kumwambia aache. Nasimama pale mpaka amalize.